Kumlipa mshawishi wa mtandaoni akutangazie bidhaa Nairobi: faida, hasara na mambo ya kukagua kabla hujatuma pesa

MwanzishaUzi

Wadau, hamjambo. Swali hili nimeulizwa na wafanyabiashara wa mjini mara nyingi, nikaona heri nilifungulie uzi: nimlipe mshawishi wa Instagram au TikTok anitangazie, au pesa hizo niongezee mzigo dukani?

Kazi yangu ni matangazo. Nilianzia kwenye kampuni ya matangazo Westlands tukihudumia benki na viwanda, na siku hizi wateja wangu wengi ni watu wa maduka: Eastleigh, Biashara Street, Dubois Road, na wengine wanaouzia nyumbani na kutuma mzigo kwa boda. Nitasema ninavyoona, nanyi mniongezee au mnipinge.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Unapomlipa mshawishi unanunua imani ambayo watu fulani wanayo kwake kuhusu jambo fulani. Imani hiyo ikiwepo, pesa hurudi na faida juu. Isipokuwepo, wafuasi milioni hawatakuuzia hata mkoba mmoja. Wafanyabiashara wengi ninaowaona wakilia walilipia idadi, wakasahau kuuliza hao watu wanamwamini kwa lipi.

Faida zipo na ni kubwa, kwa hiyo nianze nazo.

Wateja vijana wa jiji hili wanaishi ndani ya simu. Ripoti ya habari za kidijitali ya Reuters Institute ya 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa walisema wanaitumia, na asilimia 29 wanapata habari humo. Utafiti huo uliwahoji watu wa mtandaoni wanaojua Kiingereza, kwa hiyo hauisemei nchi nzima. Lakini kwa anayeuza viatu vya ofisini au manukato, hao ndio wateja wenyewe.

Kuna pia suala la lugha. Tangazo la redio huandikwa na mtu kama mimi ofisini, likapitishwa na wakubwa watano, likatoka limepoa. Msichana wa Umoja anayejipaka poda mbele ya simu yake anaongea Sheng ya rika lake, na ngozi yake ni kama ya anayemtazama. Mtazamaji anaona rangi ikikaa au ikikataa. Hakuna bango la barabarani linaloweza kumwonyesha hilo.

Faida ambayo watu huisahau ni maoni chini ya video. "Mnatuma Kitengela?" "Saizi 42 ipo?" "Mbona bei hamweki?" Huo ni utafiti wa soko umeletewa bure. Nina mteja aliyegundua kwa njia hiyo kwamba wanunuzi wake wengi walitaka mkoba wenye zipu juu, si wa kifungo. Alipobadilisha oda yake, mzigo uliofuata haukukaa.

Hasara nitaziandika kwenye chapisho linalofuata. Zina mambo mengi.

MuuzaMikoba_Eastleigh

Mkuu umegusa kidonda. Mimi nilimlipa dada mmoja mwenye wafuasi zaidi ya laki tatu. Video ikapata laiki nyingi, maoni yamejaa moto na mioyo. Simu ya duka ikanyamaza vilevile. Nilipomuuliza akaniambia kazi yake ni kuonyesha, kuuza ni kazi yangu. Nieleze ni nini kilitokea.

MwanzishaUzi

Pole, dada. Bila kuiona akaunti yake siwezi kusema kwa hakika, lakini kuna mambo matatu ambayo huwa nayakagua likitokea hilo.

La kwanza, wafuasi wenyewe. Wafuasi wanauzwa, laiki zinauzwa, maoni pia yanauzwa. Hapa kwetu hata mada zinazovuma ziliwahi kuwa na bei. Mwaka 2021 watafiti wa Mozilla walichapisha uchunguzi kuhusu biashara hiyo kwenye Twitter ya Kenya. Waliohojiwa walisema walikuwa wakilipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku, wakipewa hashitegi na maneno ya kuandika ili mada ionekane imeibuka yenyewe. Twitter ilifuta akaunti zaidi ya 100 baada ya hapo. Kazi ile ilikuwa ya kisiasa, lakini ufundi ni uleule na watu wa kuufanya ni walewale, kwa hiyo mwenye duka naye anaweza kuuziwa moshi. Ukiona maoni ni alama za moto tupu, bila hata mmoja anayeuliza bei au saizi, shuku. Mtu anayetaka mkoba huuliza bei.

La pili, wafuasi wanaweza kuwa wa kweli lakini wakaishi mbali. Mwimbaji wa Nairobi anaweza kuwa na nusu ya wafuasi wake Dar es Salaam, Mombasa, na ughaibuni. Kwake hiyo ni sifa. Kwako wewe mwenye duka moja Eastleigh, nusu ya pesa yako imesafiri bila mzigo.

La tatu, na hili ndilo ninaloliona zaidi, watu wanamfuata kwa jambo jingine. Kama wanamfuata kwa vichekesho, wanacheka na kupita. Hawajawahi kumwendea kwa ushauri wa mavazi, kwa hiyo siku akishika mkoba wanaona tangazo tu.

MpishiWaKeki_Rongai

Hilo la pili lilinipata mimi sawasawa. Mshawishi alinisifu vizuri sana, na maombi yakaja mengi. Kisumu. Nakuru. Mmoja alikuwa Doha. Keki haitumwi kwa basi ikafika na umbo lake. Sasa nitajuaje wafuasi wa mtu wako wapi kabla sijalipa?

MwanzishaUzi

Instagram na TikTok humwonyesha mwenye akaunti ya biashara au ya mtayarishi takwimu zake: miji, umri, jinsia, na watu waliofikiwa na kila chapisho. Mwombe akuonyeshe. Usikubali picha ya skrini peke yake, kwa sababu picha hurekebishwa kirahisi. Mwombe arekodi skrini akifungua ukurasa wa takwimu mwenyewe na kuteremka nao, au mkutane mahali akushikie simu uone. Anayefanya kazi safi hakasiriki ukimwomba hivyo. Wengi wanayo tayari.

Usitazame chapisho lake lililovuma. Tazama kumi au kumi na mawili ya karibuni, hasa yale aliyolipwa. Kama machapisho ya kawaida yanatazamwa na watu elfu arobaini na ya matangazo na elfu tatu, basi utanunua hao elfu tatu.

Na mjue TikTok inavyosambaza. Video hupelekwa kwanza kwa watu wachache, wengi wao wasiomfuata mwenye akaunti. Wakiitazama hadi mwisho, wakairudia au wakaituma kwa wenzao, inasukumwa kwa wengi zaidi. Wakiipita, inafia hapo. Ndiyo maana mtu mwenye wafuasi elfu nane anayeonyesha kila wiki jinsi ya kupanga chumba kimoja cha mtaa wa Pipeline anaweza kuuza vyombo na mapazia kuliko nyota mwenye laki nane. Kwa keki za Rongai ningetafuta mama wa Rongai au Lang'ata anayerekodi sherehe za watoto, hata kama wafuasi wake ni wachache kuliko wakazi wa ploti moja kubwa.

Mwenye_Hesabu

Mwanzisha uzi, tuletee hesabu. Humu watu wanazungumzia laiki kana kwamba mwenye nyumba hupokea laiki.

MwanzishaUzi

Sawa. Tuseme mkoba unauzwa 2,500. Ukitoa gharama zote, unabaki na 700. Mshawishi anataka 60,000 kwa video moja na stori tatu. Gawanya 60,000 kwa 700: ni mikoba 86 ndipo upate pesa yake tu, wewe hujala kitu. Ukimpa msimbo wa punguzo la 200, faida inashuka hadi 500 na sasa ni mikoba 120. Je, stoo yako ina mikoba 120 ya kuuza?

Sasa geuza. Mlipe 15,000 za kazi yenyewe na 150 kwa kila mkoba unaouzwa kwa jina lake, bila punguzo. Unabaki na 550 kwa mkoba, na ukifikisha mikoba 28 umerudisha. Akiuza 200, naye anapata 45,000 kwa jumla na wewe unafurahi kumlipa. Wenye majina makubwa watakataa. Wadogo wenye uhakika na wafuasi wao hukubali, na kukubali kwenyewe kunakwambia jambo.

Ili hesabu hiyo iwezekane, lazima ujue mteja ametoka wapi. Njia ya bei rahisi kwa duka la kawaida ni nambari ya till ya M-Pesa, yaani nambari ya kulipia dukani, iliyotengwa kwa kampeni hiyo, au laini ya WhatsApp isiyotumika kwingine. Na mfundishe anayeuza dukani kuuliza kila mteja, "Umetuonea wapi?" na kuandika kwenye daftari, si kukumbuka.

Stori za Instagram hutoweka baada ya saa 24. Ukilipia stori umelipia siku moja. Taka zihifadhiwe kwenye ukurasa wake na ziwe na kiungo cha kukufikia.

KijanaWaMatangazo

Kwa heshima, mkuu, nakupinga kidogo. Unapima kila kitu kwa mauzo ya wiki. Mtu anaweza kuiona bidhaa Machi, akainunua Juni akiwa na pesa, na asikumbuke hata alikoiona. Kampuni kubwa hazilipi mabalozi wa bidhaa zao zikitarajia till ilie kesho. Zinajenga jina. Ukipima kwa msimbo wa punguzo pekee utaua kampeni nzuri mapema.

MwanzishaUzi

Hoja yako ina uzito na siikatai. Jina hujengwa polepole, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani kwenye daftari. Ndiyo maana ningependa mtu alipwe kwa miezi kadhaa aitumie bidhaa kwelikweli, aionyeshe ikiwa mpya na ikiwa imechakaa, kuliko aipitishe mara moja. Mapitio mazuri ya YouTube huendelea kutafutwa muda mrefu baada ya kulipiwa. Ukienda Luthuli Avenue utakuta wateja wanaomwonyesha muuzaji video ya simu wanayoitaka kabla hawajauliza bei.

Lakini uwezo wa kungoja una wenyewe. Benki inaweza kungoja mwaka. Mwenye kibanda ambaye kodi yake inadaiwa tarehe tano hawezi, na sipendi tunapompa ushauri wa benki. Kwake yeye kila kampeni ijilipe, jina litafuata.

NatengenezaVideo

Habari za jioni. Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita mainfluensa, niko upande wa urembo na nywele. Nimesoma yote na mengi ni ya kweli. Naomba niongeze ya upande wetu, maana hasara nyingine brandi zinajiletea zenyewe.

Unatumiwa maelezo ya kazi yenye maneno ya kukariri, "bidhaa bora kwa familia yako", ambayo hakuna mtu wa Nairobi huyasema kwa kinywa chake. Ukibadilisha wanakataa. Ukiyasoma hivyo, wafuasi wako wanajua papo hapo umelipwa kusoma, na video inakufa. Halafu brandi inalalamika. Mniambie mambo mawili au matatu yasiyoweza kukosekana, bei, mahali na onyo kama lipo, mengine niachieni. Ndiyo kazi mliyonifuatia.

Pili, malipo. Kuna kampuni hulipa baada ya siku 90, na kuna wanaotaka kukulipa kwa losheni mbili. Losheni hailipi data wala mwenye nyumba. Mtu akicheleweshewa hivyo, kazi inayofuata ataifanya kwa moyo nusu, na mtazamaji anauona moyo nusu.

Tatu, mnatumia nyuso zetu kupita mapatano. Niliwahi kurekodi video ya mwezi mmoja nikaikuta imekuwa bango mjini, bila hata kuulizwa. Kama mnataka kuitumia kwingine au kuibusti kama tangazo lenu, semeni tangu mwanzo na mlipie.

MwanzishaUzi

Asante sana, dada. Wenye biashara wasome chapisho hilo mara mbili. Haki ya kutumia video ni mojawapo ya faida kubwa za kazi hii, kwa sababu video nzuri ya mtayarishi huwa rahisi kuliko ya studio na mara nyingi hufanya kazi zaidi ukiilipia isambae. Lakini ni mali ya kununuliwa. Iandikwe: wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye picha za watu, wenye mikahawa na saluni mnisikilize. Mshawishi anapokuja kurekodi ndani kwako, wateja waliokaa nyuma yake hawakutia sahihi popote. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya burudani hapa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Sheria ni ile ya Kulinda Data ya 2019. Tengeni kona ya kurekodia, au mrekodi asubuhi kabla ya wateja.

Mhasibu_UpperHill

Niongeze la kodi, kwa sababu watu hulipa kwa M-Pesa wakadhani yameisha. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla ya malipo kumfikia mtu, kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali kuanzia Julai 1, 2023. Serikali ilipendekeza asilimia 15, Bunge likaishusha hadi 5 kwa mkazi wa Kenya. Asiye mkazi ni asilimia 20. Na kutangaza bidhaa ya mtu kwa malipo kumetajwa waziwazi humo.

Anayekata ni wewe unayelipa. Kwa mfano wa 60,000 hapo juu, 3,000 inaenda KRA, mamlaka ya mapato, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa iTax, na 57,000 inaenda kwake. Naye anapata cheti anachotumia kupunguza kodi yake ya mwaka, kwa hiyo hajaibiwa. Usipokata, KRA inakudai wewe. Na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi unapokokotoa kodi ya biashara, kwa hiyo mdai ankara. Zungumzieni hili kabla ya kupatana bei, lisije likawa ugomvi siku ya malipo.

MamaWaWasichana

Nyote mnazungumza kama wauzaji. Mimi ni mnunuzi na nina mabinti. Mkubwa alinunua krimu ya uso kwa sababu ya dada mmoja wa TikTok mwenye ngozi safi. Uso ukawaka, ukatoa madoa ambayo mpaka leo hayajaisha. Kopo halikuwa na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora. Yule dada alikuwa amelipwa na hakusema. Hasara ya namna hiyo mnaiandika wapi kwenye daftari zenu?

MwanzishaUzi

Mama, pole sana kwa binti. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kazi yetu na nakushukuru umelileta.

Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku nchini, na bado zinauzwa, na njia yake kubwa siku hizi ni sura ya binti mrembo mwenye simu. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa isiyodhuru afya yake na ya kupewa habari anazohitaji, na inalitaka Bunge litunge sheria za matangazo ya haki, ya kweli na yenye heshima. Tuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, na Sheria ya Ushindani ya 2010 yenye makatazo kama hayo. Sioni kwa nini mtu akilipwa kusema "mimi natumia hii" ilhali hajawahi kuigusa, isiwe ni kupotosha.

Nchi nyingine zimeshaanza kutoza faini. Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa wasimamizi wa soko la mitaji la Marekani kwa sababu alitangaza sarafu ya kidijitali bila kusema alikuwa amelipwa dola 250,000. Na wenye brandi wasidhani jiwe humpata mshawishi peke yake. Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza kampuni za mshawishi Chiara Ferragni faini ya zaidi ya euro milioni moja, na kampuni ya keki ya Balocco euro 420,000. Wanunuzi walikuwa wamefanywa waamini kwamba kila keki ya Krismasi wanayonunua inachangia hospitali ya watoto Turin, kumbe Balocco ilikuwa imeshatoa euro 50,000 miezi kadhaa kabla, na mauzo hayakuongeza senti.

Hapa kwetu mkono mzito umeanzia kwenye kamari. Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30, na miongozo iliyofuata ikawakataza watu mashuhuri na washawishi kuitangaza. Mimi naunga mkono, hata kama wenzangu wa ofisini waliona tumenyang'anywa mkate.

Kwa wateja wangu nimeweka masharti mawili. Sichukui bidhaa ya kupaka au kumeza isiyo na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, au kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, na kila video ya kulipiwa iseme mapema kwamba imelipiwa. Instagram na TikTok zina lebo ya kuweka. Kuna waliokwenda kwa mwingine asiyeuliza. Sawa tu.

KijanaWaMatangazo

Lakini ukiandika "tangazo la kulipiwa" si watu wanapita?

NatengenezaVideo

Wengine hupita. Wanaobaki hununua. Mimi husema mwanzoni kabisa, "Hawa wamenilipa, lakini nimeitumia na nitawaambia isiyofaa pia." Na nikisema ubaya mmoja, kwa mfano harufu ni kali, maswali ya bei huongezeka. Brandi za kwanza ziliogopa. Wakiona oda wanaacha kuogopa.

MuuzaMikoba_Eastleigh

Na je, huyo mshawishi akiingia kwenye kashfa baada ya kunitangaza? Mwaka jana mmoja alitukanana na watu mtandaoni wiki nzima, na picha yake na bidhaa ya duka la jirani yangu ndiyo ilikuwa ikisambazwa.

MwanzishaUzi

Huwezi kuizuia, unaweza kuipunguza. Kampuni kubwa nazo zimeungua. Aprili 2023 bia ya Bud Light ilishirikiana na mshawishi mmoja kule Marekani, wanunuzi wake wa zamani wakasusia, ikapoteza nafasi ya kwanza ya mauzo iliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20. Na pale kosa halikuwa la mshawishi. Brandi haikuwajua wanunuzi wake, na moto ulipowaka ikayumba, ikamwacha mwenzake peke yake na ikaudhi pande zote.

Kinyume chake pia kipo, brandi kuwachafua washawishi. Tamasha la Fyre la 2017 kule Bahamas liliuzwa na wanamitindo wakubwa waliochapisha mraba wa rangi ya chungwa. Watu walifika wakakuta mahema ya dharura. Mwenye tamasha alihukumiwa kifungo cha miaka sita, na wale waliolitangaza wakabaki kueleza kwa nini walikubali.

Kwa duka lako, soma machapisho ya mtu ya miaka miwili iliyopita, na maoni anayowajibu watu, kabla hujampigia. Matusi hayaanzi siku moja. Usimkabidhi mmoja bajeti yote. Na mkataba, hata wa ukurasa mmoja uliotumwa kwa WhatsApp na kujibiwa "nimekubali", utaje: kazi gani na lini, bei na siku ya malipo, haki ya kutumia video, asitangaze mshindani wako kwa muda gani, na kwamba unaweza kuomba video ifutwe likitokea la aibu. Lipa nusu kwanza, nusu kazi ikionekana.

MpishiWaKeki_Rongai

Na kama ikifanya kazi kupita kiasi? Dada yangu anauza chapati za jumla. Video ilivuma, oda zikamzidi, wengine walingoja mpaka wakarudishiwa pesa. Wakarudi kwenye ileile video kumlaumu mbele ya watu wote.

MwanzishaUzi

Hiyo ni hasara ya kweli na watu hawaipangii. Kabla ya kuichapisha, hesabu unaweza kuhudumia watu wangapi kwa siku, na mwambie mshawishi ataje kikomo: oda za leo ni mia, zinazofuata ni kesho kutwa. Weka mtu wa kujibu WhatsApp saa hizo, asiwe ndiye anayepika. Mteja aliyejibiwa "tumejaa, tukuwekee Jumamosi?" hangoja kwa hasira.

MuuzaMikoba_Eastleigh

Asanteni nyote. Nimeamua nitaanza na wawili wadogo, wote wa huku Eastlands, mmoja anaonyesha mavazi ya ofisini na mwingine ni mwanafunzi wa chuo. Malipo madogo na komisheni, kila mmoja na till yake. Niwaambie wachapishe siku gani?

MwanzishaUzi

Usichapishe tarehe 15, watu wanahesabu nauli. Anza tarehe 27 au 28, mishahara inapoingia, uende nayo mpaka tarehe tatu au nne. Saa za jioni, kuanzia saa moja, watu wakiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani au wameshafika. Yule wa chuo mwache achague mwenyewe, ratiba ya pesa za wanafunzi anaijua kuliko mimi na wewe. Na bei iwe ndani ya video, dada. Usimlazimishe mtu aulize inboksi.

NatengenezaVideo

Bei ndani ya video, tafadhali. Na mtumie kila mmoja mkoba wiki mbili kabla, aubebe kazini na darasani, kamba ikikatika ajue yeye kwanza kabla ya wateja.